Punje Elfu Arobaini za Saa Nne

Kila Jumamosi, chai ikishanywewa na vyombo vikishaoshwa, Chiriku alivaa kandambili zake na kumfuata mama yake kazini. Kazini kwenyewe hakukuwa mbali. Kilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati la bluu, ufukweni kabisa, na ndani yake mlikuwa na mashine iliyovuta hewa ya baharini kwa bomba jembamba la shaba lililochungulia dirishani. Mama alikuwa mpimaji wa hewa. Mashine ilihesabu punje zinazoelea hewani, zile ndogo zisizoonekana hata ukitumbua macho, na kila saa ya mchana hesabu iliandikwa kwenye daftari.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema alipofumbua macho asubuhi, na usingizi tu ndio ulioweza kumnyamazisha. Tangu akiwa darasa la pili, kila Jumamosi kalamu ya daftari lile ilikuwa yake. Mama alisoma, yeye akaandika, na hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Basi akaja Twiga.

Twiga alikuwa binti wa mjomba, mwenye miaka kumi na mitatu, shingo ndefu na maneno machache. Mama yake alishafariki, na baba yake alikuwa amehamishiwa kazi ya reli mahali pasipo na shule, kwa hiyo aliletwa akae kwa shangazi yake. Chiriku alimpokea vizuri. Alimpa nusu ya kabati na nusu ya kitanda. Hakuna aliyemwambia kwamba atatakiwa kumpa na nusu ya mama.

Jumamosi moja Twiga alipekua daftari la miezi miwili, akachukua penseli nyekundu, akachora nukta moja kwa kila hesabu kwenye karatasi kubwa.

"Shangazi," alisema, "maji yakipwa mchana punje zinapanda. Yakijaa zinashuka. Na siku ya mawingu mazito zinapanda kidogo tu."

Mama aliweka kikombe chini. "Hebu rudia."

Twiga akarudia. Mama alicheka kwa furaha, akamshika bega. "Umeona vizuri! Ni mwani huo. Mwani una iodini, ile ile inayotiwa kwenye chumvi ili tusivimbe shingo. Maji yakipwa, unabaki wazi na kutoa mvuke wa iodini. Mwanga wa jua ukiupata mvuke ule, unabadilika na kushikana, chembe kwa chembe, mpaka zinatokea punje mpya kabisa hewani. Zikikua vya kutosha, unyevu unazing'ang'ania, na hapo matone ya wingu yanapata pa kuanzia."

"Mimi ndiye niliyeziandika hizo namba," alidakia Chiriku.

"Najua, mwanangu," Mama alijibu, lakini macho yake hayakutoka kwenye karatasi ya Twiga.

Maneno yale yalimchoma Chiriku. Miaka minne aliandika namba zile bila kuziuliza kitu, na huyu mtoto wa juzi amezitazama asubuhi moja tu! Mambo yakazidi kuharibika pale mwalimu wa sayansi alipomwalika Mama kwenye maonyesho ya shule, aje na mwanafunzi mmoja wa kueleza kazi ya kituo. Mama hakufikiri hata kidogo. Alimtaja Twiga. Usiku ule Chiriku alilala ameupa ukuta uso, na kila Twiga alipojigeuza kitandani alimwona anajigeuza kwa maringo.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yanajaa saa nne asubuhi. Mama alikwenda dukani kutafuta betri, akamwachia Twiga daftari. Chiriku alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Hakikumuuma hata chembe. Mama alipotoweka tu kwenye kona, alichukua kopo tupu, vipande vya boksi na kiberiti, akapita nyuma ya kituo akiwa amejikunyata. Aliwasha moto chini ya dirisha lililofungwa, ili Twiga asinuse kitu ndani. Upepo wa bahari ukaupeleka moshi moja kwa moja kwenye bomba la shaba. Alihesabu mpaka mia, akaumwagia moto maji, akakimbia.

Mama aliporudi alimkuta Twiga amesimama mbele ya daftari, ameduwaa.

"Elfu arobaini?" Mama alishangaa. "Maji yamejaa pomoni, mwani wote umezama. Kwa kawaida saa hizi tunapata elfu mbili!"

"Nimeandika nilichokiona, Shangazi."

"Basi huenda tumekosea. Huenda si mwani." Mama aliikunja ile karatasi ya nukta nyekundu. "Hatuwezi kupeleka shuleni jambo tusilolielewa."

Chiriku alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na uso wa mgonjwa aliyepona ghafla. Moyo wake ulicheza ngoma. Alirudi nyumbani akaosha sufuria zote bila kutumwa, tena kwa wimbo.

Furaha hiyo haikufika jioni. Alipokuwa ananakili hesabu za siku, Mama aliangalia mstari wa pili wa mashine, ule unaoonyesha ukubwa wa punje. Aliwaita wasichana wote wawili.

"Punje za iodini huzaliwa ndogo mno, kisha hukua saa baada ya saa," alisema. "Hizi za saa nne zilifika zikiwa na ndevu! Huu ni moshi. Nani alikuwa hapa saa nne?"

"Mimi," alisema Twiga.

"Uliwasha nini?"

"Sikuwasha kitu, Shangazi."

"Moshi haujiwashi. Mtu mzima anaweza kupoteza kazi kwa hesabu ya uongo, unajua hilo? Weka kalamu hapo. Usiingie tena chumba hiki mpaka niupate ukweli."

Hakuna lililomzuia Chiriku kusema wakati ule ule. Mdomo wake, ambao haukuwahi kukosa neno, ulikauka. Alichokitaka amekipata, na kilikuwa kichungu.

Alimkuta Twiga chumbani anapanga nguo kwenye begi, taratibu, sketi ya shule ikiwa juu.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwa baba. Shangazi akishaacha kuniamini, nitakaaje hapa?"

"Lakini kule hakuna shule!"

"Najua."

Chiriku alitoka mbio bila kandambili. Mama alikuwa bado ameketi mbele ya mashine.

"Mama, ni mimi! Nilichoma boksi chini ya dirisha. Yeye hajui lolote." Machozi yalimtangulia maneno. "Nilimwonea wivu. Siku hizi unamwona yeye tu. Nilitaka akosee, ili unione na mimi."

Mama aligeuza kiti, akamtazama. "Hilo la kutokukuona nimelisikia, na tutalizungumza," alisema. "La moshi tunalimaliza sasa." Alimwita Twiga, na kabla ya yote akamwomba radhi kwa kumhukumu bila ushahidi. Kisha akamsogezea Chiriku daftari.

"Nifute?" Chiriku aliuliza.

"Kazini kwetu hatufuti. Unapitisha mstari mmoja, namba ibaki inasomeka, na pembeni unaandika sababu na jina lako. Atakayesoma baada ya miaka hamsini ajue kilichotokea."

Chiriku alipitisha mstari, akaandika: Moshi. Niliuwasha mimi. Akaweka jina lake kamili.

Siku ya maonyesho karatasi ya nukta nyekundu, pamoja na nukta ya elfu arobaini, ilitundikwa ukutani, na Twiga alieleza habari za iodini kwa sauti ndogo iliyosikika ukumbi mzima. Ndipo mvulana mmoja wa darasa la sita akaonyesha kidole.

"Na nukta hii moja huku juu? Imeandikwa maji yalijaa, mbona punje nyingi?"

Twiga aliinamisha macho. Angeweza kulitaja jina, lakini hakulitaja. Chiriku alisimama kutoka benchi la tatu.

"Hizo hazikutoka kwenye mwani. Ni moshi," alisema. "Niliuwasha mimi, kwa wivu, ili aonekane mwongo."

Watoto waliguna, wengine wakacheka. Mwalimu wa sayansi aliinua mkono, wakatulia.

"Mnacheka nini? Kuna nani humu ambaye hajawahi kumwonea mwenzake wivu? Hata mimi nimewahi. Wivu huingia bila kubisha hodi, na kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Kosa ni kuupa kazi ya kufanya. Na ukishakosea, sema mwenyewe kabla mwenzako hajaubeba mzigo wako. Leo mmeona nukta moja ya uongo, na tunaweza kuziamini zile nyingine zote kwa sababu aliyeiweka amesimama akasema."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Njoo usimame huku mbele na wenzako. Maswali bado ni mengi."