Vidole vya Dada

Saa nne asubuhi, siku isiyo na lolote la ajabu, Kitinda aliingia kwenye kliniki ya ngozi na degree yake ya first class isiyomsaidia kitu. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa.

Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto palikuwa na tattoo: vidole vitano vyeusi vilivyokizunguka kama mtu amemkamata. Aliyechora ni dada yake, ambaye kuchora ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifuatisha vidole vyake mwenyewe, wiki mbili kabla hajafa.

“Mdogo wangu, mimi sikuachii,” alimwambia. “Na wewe usiniachie.”

Kitinda aliahidi. Kuahidi hakuombi CV.

Miaka mitatu ya kutuma maombi ikapita, hatimaye shirika moja la ndege likamtaka. Almost. Kiingereza safi, urefu safi, tabasamu safi, ila sare ina mikono mifupi. Arudi mwakani bila tattoo, full stop. Miaka minne yote ya chuo, na kilichosomwa ni ngozi.

Mtaalamu wa kliniki, mama mpole mwenye miwani mizito ya kujikinga na mwanga, alimweleza kwamba laser haifuti. Inauvunja wino uwe vumbi, kisha mwili wenyewe unalibeba. Kati ya kipindi na kipindi angekaa wiki nane, asianike mkono juani, asitumbue malengelenge.

“Wino unakwenda wapi?” Kitinda aliuliza.

“Mwingine unatoka. Mwingine unabaki ndani.”

Wakaanza na kidole kidogo. Laser ilichapa kama utepe wa mpira wenye moto, ngozi ikageuka nyeupe, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Kwa kawaida mstari huchomwa mara nyingi ndipo utoke. Hiki kilitoka kwa mara moja. Mama wa watu akafurahi, akasema ngozi hiyo ina bahati.

Wiki iliyofuata, akioga, Kitinda aliona alama nyembamba chini ya kiwiko. Akadhani amejigonga.

Kipindi cha pili, kidole cha pili. Alama zikawa mbili, sambamba. Cha tatu, tatu, na zote zilikuwa zimepita kiwiko.

Siku moja akianika nguo, mama yake aliuona mkono umeinuliwa, akauliza nani amemshika hivyo. Kitinda akasema amebanwa na mlango.

“Mlango una vidole?”

Nguo zilizobaki Kitinda alizianika akiwa amevaa sweta.

Kipindi cha tano, kifundoni kilibaki kidole gumba tu. Vile vinne vilikuwa begani, ncha zimeelekea shingoni. Mtaalamu alivitazama. Akazima mashine.

“Mwanangu,” alinong’ona, “hiki ndicho bado kimeshika pale pa zamani. Tukiache.”

“Usaili ni mwezi ujao, mama. Choma.”

Mashine ikawashwa. Tak. Tak. Ngozi ikawa nyeupe. Gumba likafifia. Halikusubiri wiki nane. Lilitoka wakiliangalia.

Kitinda akakohoa. Mara moja.

Kazi aliipata. Daktari wa shirika aliugeuza mkono mbele na nyuma, akasaini. Kisha akasimamishwa kwenye ukuta mweupe apigwe picha ya kitambulisho. Mpiga picha akamwomba amwambie mwenzake wa nyuma atoe mkono.

Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Alitaka kusema hivyo. Sauti haikutoka. Haijatoka mpaka leo, na madaktari wanamulika koo hawaoni kitu. Ndege hakupanda hata moja.

Kitambulisho kipo kwenye droo ya mama yake, kimefunikwa kifudifudi. Pichani, shingoni pana vidole vitano, gumba chini ya sikio. Si vyeusi tena. Vina rangi ya ngozi, vina mikunjo, vina kucha.

Na chini ya kucha kuna wino.