Makopo Yanayorudi

Walikutana kwa kukanyagana. Mlango wa ukumbi ulifurika wenye hisa, na buti la dereva likatua juu ya kiatu chekundu cha dada mmoja.

"We kaka, mguu wangu si pedali!"

"Samahani, dada. Breki zimekataa."

Akacheka. Alikuwa mhasibu wa kiwanda kilekile cha rangi ambacho dereva alikiendeshea lori. Gauni la bluu, kalamu kwenye nywele, mkononi karatasi za kura. Dereva alikuwa na hisa mia mbili alizoachiwa na marehemu mama yake.

"Piga ndiyo," mhasibu akasema. "Kuna tajiri anataka kutununua kwa nguvu. Kanuni mpya tunayoipigia kura inasema hanunui bila ruhusa ya wakurugenzi. Wakubwa wanaogopa kumezwa, ndiyo maana kila mwisho wa mwaka wanavimbisha faida, bei ya hisa isishuke tukanunuliwa rahisi. Hofu ikiisha, uongo nao basi."

"Una hakika?"

"Niamini."

Akapiga ndiyo, na kanuni ikapita. Kusema kweli, aliyapigia kura yale macho.

Wakawa chanda na pete. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, mkaidi wangu?"

"Nakula foleni."

Wakapanga: Jumapili ya kwanza ya Januari, dereva akajitambulishe kwa mama mkwe.

Wiki ya mwisho ya mwaka lori likashindiliwa makopo ya rangi. Duka la kwanza tu, mwenye duka akashika kiuno.

"Nani kaagiza? Hata ya mwaka jana mlikuja kuyachukua!"

"Pokea tu, mzee. Nimeambiwa Januari niyafuate."

"Sasa hapo nimenunua au nawatunzia?"

Dereva akaifunua hati ya mzigo. Imeandikwa mauzo. Chini, sahihi ya mpenzi wake, mkia uliopinda anaoufahamu. Akapiga simu injini ikinguruma.

"Ulisema wataacha! Huku hakuna aliyeagiza hata kopo!"

"Mpenzi, ngoja kwanza..."

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia! Ulitaka kura yangu tu!"

"Hisa mia mbili kati ya mamilioni? Acha kujipa cheo!"

"Jumapili siji." Akakata.

Jumapili ikapita, hasira haikupita. Simu zake hakupokea. Mwisho wa Januari akayazoa makopo yaleyale, yana vumbi, akayarudisha kiwandani huku akitukana kila taa nyekundu.

Getini alisimama mhasibu, amekumbatia boksi la vitu vyake.

"Nilisaini kwa sababu bosi aliapa yameagizwa," akasema. "Simu yako ndiyo iliniamsha, ila hukunipa nafasi. Nikayatoa kwenye mauzo, nikamwambia mkaguzi. Leo bosi kanifukuza."

"Haogopi?"

"Amwogope nani? Zamani walimhofia yule tajiri. Sasa kanuni inawakinga, hakuna wa kuwang'oa. Na ukuta tumewajengea mimi na wewe."

Dereva akapiga teke tairi. Likamuumiza yeye.

"Mama bado ananitaka?"

"Alipika Jumapili ile. Mpaka leo kanuna."

Akamrushia mlinzi wa geti ufunguo wa lori. "Waambie mwisho wa mwaka makopo yao wayapeleke wenyewe!"

Akachukua boksi.

"Tunaendaje?" mhasibu akauliza.

"Kwa mguu."

"Na viatu hivi?"

"Nishike mkono. Safari hii naangalia ninapokanyaga."