Usiwashe, Baba Mdogo!

Kila Jumamosi ya vuli, mjini Plovdiv, Ralitsa humsaidia mama yake kuosha pilipili nyekundu za kuchoma pale roshani. Siku hiyo alizimaliza upesi, akakimbilia meza ya baba yake, Tsvetan.

Mezani palikuwa na kompyuta kuukuu, kifuniko kikiwa wazi, na kando yake prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine. Baba alikuwa akiiunda upya kwa ajili ya mdogo wake, Plamen, aliyekuwa anarudi kutoka ughaibuni. Walipokuwa shuleni, ndugu hao waliandika mchezo wao wenyewe wa kompyuta. Hawakuwa wameucheza tena tangu Plamen aondoke.

"Baba, prosesa ziko mbili, nawe umeweka hii konokono?" Ralitsa aliuliza. "Ile nyingine ndiyo yenye mbio!"

"Mbio za kwenda wapi?" Baba alicheka huku akivaa koti. "Nikirudi nitakueleza. Namfuata baba yako mdogo uwanja wa ndege. Usiguse kitu, mwanangu. Hiyo konokono sina nyingine."

Mlango ulipofungwa tu, Ralitsa akagusa.

Alichomoa waya wa umeme, akatoa feni, akaondoa prosesa ya baba na kuweka ile ya kasi. Maandishi kwenye ubao wa mashine yalionyesha kwamba hiyo inataka umeme mwingi zaidi. Basi akahamisha kibanio kidogo cha plastiki kinachopanga kiasi cha umeme, kisha akarudisha feni na waya, akawasha. Mchezo ulitoa mstari mmoja wa maandishi, ukafa. Akajaribu tena. Ukafa tena.

Akazima, akairudisha prosesa ya zamani harakaharaka na kufunga feni. Papo hapo akasikia vicheko ngazini.

"Huyu ndiye Ralitsa? Mbona amerefuka kama mlingoti!" alisema Plamen, akimkumbatia.

"Nawe mbona nywele umezisahau uwanja wa ndege?" Baba akamtania.

Wote walicheka isipokuwa Ralitsa. Alikuwa amekumbuka kibanio. Prosesa alikuwa ameirudisha, lakini kibanio hakukirudisha! Umeme ule wa kuzidi ungeweza kuiunguza prosesa ya baba, na mchezo wao usiwake tena.

Plamen alikwishavuta kiti. "Kaka, niwashe?"

"Washa, umengoja vya kutosha."

Ralitsa akawaza harakaharaka. *Nikisema, baba ataaibika mbele ya mdogo wake. Nikinyamaza, labda haitaungua.* Labda! Kidole cha Plamen kikagusa kitufe.

"Usiwashe, baba mdogo!" Sauti ilimtoka kama kilio.

Mama akaja kutoka roshani, koleo mkononi.

"Kuna nini?" Baba aliuliza.

"Nilibadilisha prosesa. Nimeirudisha, lakini kibanio cha umeme nimekisahau." Machozi yakamtiririka. "Nisamehe, baba."

Baba alikaza uso. Alichomoa waya, akainama ndani ya mashine na kukihamisha kibanio. Ralitsa alisimama kando mpaka baba aliporudisha waya na kumwashiria Plamen.

Kioo kikang'aa. Mchezo ukafunguka, na Plamen akapiga kelele kama mtoto.

"Ile ya kasi ilikataa," Ralitsa alinong'ona.

"Lazima ikatae," Baba alisema. "Mchezo wetu ukiamka hupima kwanza kasi ya mashine. Sisi tuliuandika zama za mashine za polepole. Kasi ikizidi, hesabu huushinda, ukaanguka. Prosesa huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa sifa."

Kisha akamvuta karibu, akamfuta machozi.

"Kwa kutonisikiliza umekosea, na kesho tutalizungumzia hilo. Lakini tazama: kosa lako nimelitengeneza kwa vidole viwili, kwa sababu umelisema. Ungelificha, saa hizi tungekuwa tunanusa moshi. Ukiogopa, mwanangu, usingoje hofu iishe ndipo useme. Sema ukiwa nayo hivyohivyo."

Akamsogezea kiti katikati yao.