Kitufe cha Mtoto Mgonjwa

Kila jioni Erina alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao, pale mjini Bwera, kisha akakaa kuandika programu. Alifanya kazi vizuri, ila kama mtu aliyekufa ganzi. Tangu mdogo wake afariki kwa malaria, akiwa mgongoni mwa mama njiani kwenda zahanati, moyo wake haukusikia chochote.

Chama chao cha kompyuta kilikuwa kinaitengenezea zahanati tovuti ya dharura. Kulikuwa na kitufe cha mama mjamzito, cha ajali na cha mtoto mgonjwa. Muuguzi akiandika mahali mgonjwa alipo na kubonyeza, ujumbe unamfikia Mahmood, mwendesha bodaboda, kwenye simu yake, naye anakwenda kumchukua mgonjwa.

Kila kitufe kilikuwa na sehemu yake ya programu. Mwalimu Baluku, mlezi wa chama, alitaka sehemu zote ziamke pamoja tovuti inapowashwa, lakini kompyuta ya zahanati ilikuwa kuukuu na ilijikokota. Erina akazipanga zilale, kila moja iamke siku itakapoitwa mara ya kwanza. Tovuti ikawaka upesi, wenzake wakamsifu. Mwalimu alipouliza kama amejaribu vitufe vyote, alijibu kuwa amejaribu.

Alikuwa amedanganya. Kile cha mtoto mgonjwa hakukigusa. Kila akitaka kukibonyeza, mkono ulikataa.

Siku chache baadaye mama mmoja wa upande wa Munkunyu alipiga simu zahanati: mwanawe ana homa kali na degedege. Sista Edisa, muuguzi wa zamu, akabonyeza kitufe. Kioo kikaandika kwamba sehemu iitwayo "mtoto" haipatikani. Akabonyeza tena, wapi. Namba ya Mahmood ilikuwa ndani ya tovuti tu, kwa hiyo ikabidi atoke mbio hadi sokoni kumtafuta Mahmood, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake bila habari. Mtoto alifikishwa hajitambui, na hakufumbua macho hadi asubuhi.

Erina alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa tu. Yeye na Mwalimu wakaifungua programu. Aliyeandika jina la sehemu ile ni yeye, na aliandika "mutoto," kama wanavyosema nyumbani, ilhali programu ilikuwa inatafuta "mtoto." Kama sehemu zote zingeamka pamoja, kosa lingeonekana palepale darasani.

"Uliniambia umevijaribu vyote," Mwalimu alisema.

"Hicho sikukibonyeza, Mwalimu. Niliogopa."

Mwalimu Baluku alimfahamu marehemu mdogo wake.

"Kuilaza sehemu si kosa," alisema. "Kosa ni kusema umejaribu kitu ambacho hukukigusa. Uongo huo ulitulia tu, ukamngojea mtoto wa mwenzako. Kama jambo linakuuma, sema. Tutalifanya pamoja."

Erina akasahihisha jina, na penye mahali akaandika "shuleni." Mwalimu akaweka mkono wake juu ya mkono wa msichana, wakabonyeza.

Punde pikipiki ikanguruma nje. Katika kuhangaika, hakuna aliyekumbuka kumwambia Mahmood kwamba ni jaribio. Akaingia mbio, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Mutoto iko wapi?"

Erina alitaka kumwambia kwamba leo hakuna mtoto. Badala yake alikaa sakafuni akamlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza, na wale watu wazima wawili wakakaa naye hadi alipomaliza.