Majedwali ya Mzee Orrock

"Chumvi imelowa."

Mama Euphan, muuza samaki, alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake.

Ninian Haldane aliganda. Kwa majasusi wa mfalme wa Uskoti kama yeye, maneno hayo yalikuwa na maana moja. Hazina imeibwa.

Hazina yenyewe ilikuwa karatasi. Miaka ishirini mzee Orrock alijifungia mnarani akikokotoa majedwali ya logi, safu za namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Nahodha mwenye majedwali hayo angejua alipo baharini kabla adui hajachovya kalamu. Nakala ilikuwa moja tu. Na mzee alikuwa kitandani, pumzi za kuhesabu.

"Nani?"

"Mhispania. Yumo merikebuni, hapahapa bandarini Leith. Maji yakijaa, hao wanang'oa nanga."

"Merikebu ipi, mama?"

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa napara samaki?"

Ninian alitimua mbio hadi gatini. Merikebu tele, zote na bendera ya Uskoti. Maji yalikuwa yanapanda.

Ee Mungu, nionyeshe.

Akaona.

Ilikuwa Krismasi. Kanisa la Uskoti lilikuwa limeipiga marufuku, na kila baharia alibeba mapipa kama siku ya kawaida, asije akaitwa mbele ya wazee wa kanisa kwa kuisherehekea. Merikebu moja tu ilikuwa imetulia. Watu wake wamevaa kola safi, wanatafuna bata bukini, wanasherehekea kama Wakatoliki wa Hispania.

Aliruka ndani, bastola mkononi.

Chumbani kwa nahodha, Mhispania alikuwa ameshika furushi la karatasi juu ya jiko la makaa.

"Ukisogea tu, naziunguza."

"Utampelekea nini mfalme wako?"

"Majivu. Wako naye akose."

Ukingo wa furushi ulishika moto.

Ninian alifyatua.

Kimya. Baruti ilikuwa imelowa.

Miguuni pake palikuwa na ndoo ya samaki waliolowekwa maji ya chumvi. Aliirusha yote. Makaa yalifoka, moshi ukatanda, na kitako cha bastola kikakutana na taya la Mhispania.

Mabaharia hawakuthubutu kunyanyuka. Mama Euphan na wauza samaki wenzake walikuwa wamemfuata Ninian na kuziba njia, kila mmoja na kisu chake.

Mnarani, mzee Orrock alifunua kurasa moja moja kitandani mwake.

"Zinanuka samaki."

"Ndiyo, mzee."

"Na safu ya mwisho imeungua."

Ninian aliinamisha kichwa. Midomo ya mzee ilicheza, akihesabu.

"Kila namba ina jirani zake, na jirani hawaachani ovyo. Waliobaki watanitajia waliokufa. Lete wino."

Ninian akamsogezea wino, akavaa kofia, akatoka.

Nyuma yake, kalamu ilianza kukwaruza.