Gari la Maguette Lapata Kibali

Mvua za Agosti zilipoanza, choo cha Daba Ndiaye kilijaa. Daba aliishi Pikine na mumewe na binti yao, Sira. Kama kila mwaka, mumewe alimwita kaka yake, Maguette, mwenye gari la kunyonya maji taka. Maguette alinyonya, akanywa chai, akaondoka.

Haikupita wiki, Sira akaanza kuhara. Alilegea mpaka akalazwa. Daktari alisema maji ya kisima chao yameingiwa na uchafu wa choo.

Jirani yake Daba, Ngoné Diop, alikuwa mkaguzi wa usafi wa manispaa. Alimpeleka Daba bondeni, nyuma ya shule. Alama za matairi zilikuwa bado mbichi, na maji meusi yalikuwa yakitiririka kuelekea visimani.

Ngoné alimweleza kuwa siku hizi kila gari la maji taka lazima liwe na kibali, na namba yake iandikwe ubavuni. Linamwaga kwenye mtambo wa kusafishia maji taka tu. Likimwaga kwingine, linanyang'anywa kibali.

"Na hapa anamwaga nani?" Daba aliuliza.

"Ninyi akina Ndiaye mnajua kula wali tu, mengine hamuoni," Ngoné alimtania, kama akina Diop wanavyowatania akina Ndiaye siku zote. Kisha akashusha sauti. "Muulize shemeji yako."

Maguette alipoulizwa alikasirika. Alisema mtambo uko mbali na mafuta ni ghali. Tena tangu lini ndugu akadaiwa kibali?

"Shemeji, Sira yuko hospitali," Daba alisema. "Ni uchafu wetu wenyewe umeturudia. Choo changu hukifungui tena bila kibali."

Wanawake wa mtaa waliposikia, nao wakamkatalia. Gari likakaa bila kazi. Mwishowe Maguette alikwenda mwenyewe kwa Ngoné. Aliziba tangi lililokuwa likivuja, akawanunulia wafanyakazi wake glavu na buti, gari likakaguliwa. Akapewa kibali. Tangu hapo manispaa ikawa inampigia simu kila choo kinapojaa.

Choo cha Daba kilipojaa tena, Sira alikuwa amepona, yuko shuleni. Maguette alikuja na gari lenye namba kubwa ya buluu. Alipomaliza kunyonya, alimfungulia Daba mlango wa mbele.

"Panda, shemeji. Ukaone ninapomwaga."

Daba akapanda. Mtamboni walikuta magari mengine yamepanga foleni. Maguette akazima injini, akatoa karanga, wakala huku wakisubiri zamu yao.