Jina Ndani ya Mlango

Nilikuwa narudisha mashine ya kung'arishia rangi, hilo tu. Jioni ya Julai, jua linazama nyuma ya nyumba za mtaani kwetu, na mimi nimeikumbatia mashine ya mdogo wangu kama mtu asiye na neno na mtu. Mungu anajua nilikuwa nalo.

Mdogo wangu ni Rayfield Tarver. Mimi ni Cleophus, mkubwa wake, fundi bodi tangu nina miaka kumi na tisa. Hapa mjini Saginaw ukiuliza habari za magari ya zamani utaambiwa Rayfield. Rayfield kafanya hivi, Rayfield kafufua lile! Gari lenyewe ni Pontiac ya mwaka sitini na tisa, rangi ya kijani cha chupa, injini ya pistoni nane, likiwashwa vikombe vinatikisika kabatini. Tulilikuta kwenye banda la mkulima, panya wamezalia vitini, sakafu imeliwa na kutu. Miaka sita tulilihangaikia. Yeye alishika injini. Mimi nilikata kutu, nikachomea mabati mapya, nikapiga msasa mpaka ncha za vidole vyangu zikawa laini kama za mtoto. Halafu kila Jumamosi kwenye maonyesho watu wanapitisha kiganja juu ya rangi yangu, kisha wanampa mkono yeye.

Sasa sisi mafundi tuna desturi. Kabla ya kufunga kava ya mlango kwa mara ya mwisho, waliolifufua gari wanaandika majina yao kwa ndani, kwenye bati, kwa brashi. Hakuna atakayeyaona mpaka gari lije lifumuliwe tena, pengine miaka hamsini mbele. Ndiyo heshima yetu. Basi Rayfield aliufunga mlango wa dereva siku niliyokuwa kwa daktari wa meno. Hakuniita. Hata kunipigia simu, "Kaka, njoo uandike jina," wapi! Wiki iliyofuata akabandika tangazo kwamba linauzwa.

Roho iliniuma, jamani. Sipambi maneno: ulikuwa wivu mtupu, kijiba cha roho kilichonikaba mpaka chakula hakipiti. Nilikuwa naamka asubuhi naitazama dari na kusema peke yangu, "Lisiuzike. Lisiuzike kabisa."

Nikaenda kwa Mama Idella Crumb.

Bibi huyu mganga alikuja kutoka Georgia zamani, na hata watu wa kanisani wanaomsema mchana huingia kwake kwa mlango wa jikoni. Nilimkuta anachambua maharage. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Unataka mdogo wako afe?" alisema kwa sauti ya chini.

"Hapana! Mama Idella, hapana. Nataka tu gari lisitoke kwake. Liwe linamganda. Auze, ashindwe."

"Basi ni kumfunga nalo, wasiachane."

"Ndiyo hivyo."

Akanishonea kifuko cha flana nyekundu. Ndani aliweka udongo wa kaburini, nywele, na kitu kidogo kikavu ambacho sikutaka kukijua. "Kiweke juu ya jina lake," akanong'ona. "Hiki hakijui sura ya mtu, mwanangu. Kinajua jina tu."

Jina lake nilijua lilipo. Siku hiyo hiyo, gerejini kwake, Rayfield alipoingia ndani kuchukua bia, nililegeza klipu mbili za chini za ile kava, nikapenyeza mkono bila kuchungulia. Vidole vikapapasa bati… vikaikuta rangi ya brashi imeinuka kidogo, herufi juu ya herufi. Nikakigandisha kifuko papo hapo kwa gundi. Rayfield alirudi akanikuta nafuta kioo kwa kitambaa.

"Kaka, wewe hupumziki," aliniambia akicheka, akanipa chupa.

Zikapita siku tisa. Ndipo ikaja jioni ile ya mashine.

Nilimkuta na mteja, mama mmoja mrefu aitwaye Bi Haskell, tochi inaning'inia shingoni, mjuzi wa magari kuliko wanaume wengi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kile afanyacho kila mnunuzi mwenye akili: aliweka kiganja juu ya boneti. Injini ya zamani unaikagua ikiwa baridi. Muuzaji akishaipasha moto, anakuficha maradhi yake.

Akautoa mkono upesi.

"Si nilikwambia kwenye simu nataka nilikute la baridi?"

"La baridi hilo," Rayfield akasema. "Sijaliwasha tangu Jumapili. Haki ya Mungu."

"Gusa mwenyewe."

Akagusa. Nikamwona uso unambadilika. Mimi nimesimama mlangoni na mashine yake mkononi, moyo unanicheza kwa furaha. Dawa inafanya kazi!

Bi Haskell aliinama dirishani. Ikaja harufu… udongo mbichi, na nywele zilizoungua. Kioo cha dereva kikaanza kufanya ukungu. Kwa ndani.

Ukungu ukaja. Ukaondoka. Ukaja.

"Nani yumo humu?" alinong'ona.

"Hamna mtu."

"Bwana wee, mtu anahema humu."

Hakungoja jibu. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akaingia kwenye gari lake, akaondoka bila kuaga. Rayfield alibaki ameduwaa. Nikamwendea, nikamshika bega, nikajifanya kumpa pole. Akaruka kama aliyeumwa na nyuki.

"Kaka! Mkono wako! Mbona barafu hivyo?"

Nikacheka. Nilidhani ni kile chuma cha mashine niliyokuwa nimeishika.

Haikuwa mashine. Baridi ilianzia vidoleni, kesho yake ikafika viwiko, keshokutwa miguuni. Nje watu wanajipepea barazani, mimi nimevaa sweta mbili. Mke wangu Earlene alihama kitanda. "Cleophus, samahani mume wangu," alisema, "kulala na wewe ni kama kulala na samaki wa kwenye friji." Alijaribu kucheka, machozi yakamtoka. Daktari alinipima joto, akapima tena, akabadilisha kipimo, akasema kipimo hicho nacho kibovu.

Mahali pamoja tu nilipata joto. Nikienda kwa Rayfield na kuweka viganja juu ya boneti lile, joto lilinipanda mpaka mabegani, joto tamu, la kawaida, la mwili. Siku moja nililaza shavu pale. Nikasikia kitu chini ya bati.

Tup… tup… tup…

Nikashika shingo yangu kwa vidole viwili.

Yalikuwa mapigo yangu.

Jumapili, Rayfield akiwa kanisani, nikaenda kukitoa kifuko. Saa tano asubuhi, jua kali, milango ya gereji nimeifungua yote. Klipu ziliniponyoka kwa ganzi ya vidole. Nikaivuta kava yote, nikatazama ndani ya mlango.

Herufi nyeupe, kubwa, zimeandikwa kwa uangalifu: BODI NA RANGI, CLEOPHUS TARVER, KAKA YANGU, ALIYENIFUNDISHA KUSHIKA SPANA. Chini yake, ndogo, za kubanana pembeni: injini, Rayfield.

Kifuko kilikuwa kimelala juu ya jina langu. Kilikuwa kimelegea, kitupu, na hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Nikakibandua. Chini yake rangi nyeupe ilikuwa imepenya bati, huwezi kuifuta hata kwa kucha.

"Ah, kaka! Umeniharibia!"

Rayfield. Amesimama na suti yake ya kanisani, anacheka. Nikakifumbata kifuko.

"Nilitaka uje uone siku ya kuuza, mbele ya watu," alisema. "Nilikuvizia ukiwa kwa daktari wa meno. Si ungegoma? Ungesema 'andika lako kwanza.' Nakujua."

Alinizungushia mkono, akaushusha haraka kwa ile baridi, akaurudisha tena kwa nguvu, kwa kunionea huruma. "Kesho anakuja mzee mmoja kutoka Ohio, Kuhlman. Huyu atanunua. Nusu yako ipo, na utakwenda hospitali kubwa, sio hawa wa hapa."

Nilikwenda mbio kwa Mama Idella. Alikitazama kifuko kitupu, akarudi kuchambua maharage yake.

"Kimeshaingia. Kimekufunga wewe na gari. Nenda kamwambie mdogo wako ulichotaka kumfanyia. Kwa mdomo huohuo uliokuja nao hapa. Ukishamwambia, urudi."

"Na nisipomwambia?"

"Mimi nilikuuliza kama unataka mtu afe, Cleophus. Ulisema hapana."

Nikaapa nitamwambia. Nililala nimeyapanga maneno yote.

Kuhlman alikuja Jumatatu, mzee mnene mwenye kofia, na majirani wakajaa kwenye njia ya gereji kama kawaida yao. Aligusa boneti, akaguna, akasema, "Lina uhai hili," akatoa cheki. Rayfield akasimama mbele ya watu wote. "Sikilizeni," akasema, "mimi nimefunga nati tu. Gari hili ni kazi ya kaka yangu huyu hapa." Miaka sita nimesubiri maneno hayo! Nikainua uso. Na majirani, badala ya kunitazama mimi, wakamzunguka yeye.

"Rayfield, una moyo wewe!" Bi Odom wa nyumba ya pili alimshika mashavu. "Tazameni mtu asiyejikweza!"

Hata sifa zangu akinipa, zinamrudia yeye. Yale maneno niliyoyapanga nikayameza. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Wakalipandisha gari kwenye trela. Lilipopinda kona, nikakaa chini kwenye saruji ya moto, na sikuusikia moto wake.

Wiki tatu sasa niko kitandani. Mablanketi manne. Kuhlman akilitoa gari kwenda kutembea, mimi najua. Upepo unanipiga kifuani wakati madirisha yamefungwa. Earlene ananilisha kwa kijiko. Kila siku nasema kesho.

Alhamisi Kuhlman alipiga simu. Earlene aliniwekea sikioni.

"Bwana Tarver, samahani kukusumbua unaumwa. Ile rangi uliyopiga… kuna alama imetokea. Kwenye fenda ya mbele, juu ya gurudumu la kushoto. Kiganja cha mtu. Nimesugua, haitoki. Iko chini ya rangi."

"Iache," nilinong'ona.

"Mke wangu haitaki. Anasema vidole vinajongea. Mimi sijaviona. Jumatatu asubuhi nalipeleka wakalikwangue lote, mpaka bati tupu. Nimeona nikwambie wewe kwanza, maana kazi ni yako."

Kukwangua nakujua. Nimefanya maisha yangu yote. Unaanza na mashine, kisha msasa mkali, na pasipofikika na mashine unatumia kisu kipana.

Rayfield aliingia jioni ile na supu ya kuku na mkate wa mahindi, kama anavyoingia kila jioni akitoka kazini. Amekonda. Alikaa pembeni ya kitanda, akaichukua miguu yangu, akaanza kuisugua kwa mikono yake miwili.

"Rayfield," nilisema.

"Naam, kaka."

"Kuna kitu nataka nikwambie. Kabla ya Jumatatu."

Akaacha kusugua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kabisa kwenye ulimi, haki ya Mungu yalifika. Na pale pale Bi Odom akapita nje ya dirisha na wanawake wenzake wa kanisani, akachungulia, akamwona ameipakata miguu yangu.

"Mnamwona huyo?" aliwaambia, kwa sauti ya kunyenyekea kabisa. "Ndugu kama Rayfield hawapo tena duniani."

Rayfield akainamisha kichwa kwa haya. Nikamtazama, mtu anayenisugua miguu ili nisife, na nikamchukia kwa moyo wangu wote.

"Niambie basi, kaka."

"Supu haina chumvi," nikasema.

Leo Jumatatu. Saa mbili asubuhi. Nimewasikia Earlene na Rayfield wakiongea jikoni, nikataka kuita, sauti haikutoka. Baridi imekwisha ghafla. Bega la kushoto limeanza kupata moto… na juu ya shuka jeupe, kidogo kidogo, linadondoka vumbi la kijani.